Picha Iliyotikisika na Haki ya Anayepigwa

Sheria ya kwanza niliyofundishwa kuhusu picha haikutoka kitabuni. Ilitoka kwa mjomba wangu, mwenye studio ndogo mtaani Buyenzi, Bujumbura: chumba kimoja chenye pazia la buluu, kiti kisicho na mgongo na kioo cha mteja kujitazama kabla hajakaa. Sheria yenyewe ni kwamba kichwa cha mtu hakikatwi. Zikafuata nyingine. Usimpige mtu jua likiwa nyuma yake, atatoka mweusi kama kivuli. Usipige kabla mikono haijatulia. Mstari wa ukuta ulale sawa, mtu asije akaonekana kama yumo ndani ya mtumbwi. Macho ndiyo yawe makali, mengine yakipotea si neno. Na nyuma ya mtu pasiwe na kitu kinachomwota kichwani, kama mti au nguzo ya umeme. Nilikuwa na miaka kumi na moja au kumi na miwili hivi, kazi yangu ikiwa kushika kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga usoni mwa mteja, na sheria hizo nilizipokea kama nilivyozipokea sheria za udhu. Hazikuwa na mjadala.

Kwa hiyo nilipokifungua kwa mara ya kwanza kitabu cha Robert Frank kiitwacho The Americans, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilidhani nimepewa rundo la picha zilizokataliwa na wateja. Picha ya kwanza kabisa, ile ambayo mtu mwingine angeitafutia sura nzuri ya kumkaribisha msomaji, ina wanawake wawili madirishani na hakuna hata mmoja unayeweza kumtambua. Wa kwanza yumo gizani, nyuma ya pazia lililoshushwa nusu. Wa pili uso wake umefunikwa na bendera ya Marekani inayoning'inia nje ya ukuta wa matofali. Mjomba asingeisafisha picha hiyo. Angemwambia mteja filamu imeungua, akamrudishia pesa yake.

Nimeichagua kazi hii kwa sababu inaniwezesha kuuliza upya swali ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumelizoea mno kwa upande wa ushairi, mpaka limeanza kuchuja: mtu anapovunja kanuni za sanaa yake, tunajuaje kwamba amevunja na si kwamba ameshindwa? Na nina swali la pili, ambalo darasani hatuliulizi sana. Kanuni iliyovunjwa ilikuwa ikimlinda nani?

Kwanza habari za kitabu chenyewe. Frank alizaliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1924, akahamia Marekani mwaka 1947. Kazi aliijua. Alijifunza kwa wapiga picha wa kwao, akiwa mwanagenzi, na alipofika New York alipiga picha za mitindo kwa jarida la Harper's Bazaar. Mwaka 1955 alipata ufadhili wa Guggenheim, akashika njia kwa gari lililokwishatumika, akizunguka majimbo ya Marekani mwaka huo na uliofuata, kwa sehemu ya safari akiwa na mkewe na watoto wao wawili. Kamera yake ilikuwa Leica ndogo ya filamu ya milimita 35, ya kutosha kufichika kiganjani. Alipiga zaidi ya picha 27,000. Kitabuni zimo 83. Yaani katika kila picha mia tatu na zaidi alichukua moja, nyingine akaziacha. Kitabu kilitoka kwanza Paris mwaka 1958 kwa mchapishaji Robert Delpire, kikiwa na maandishi ya watu mbalimbali kuhusu Marekani yaliyowekwa sambamba na picha. Mwaka 1959 kikatoka New York kwa Grove Press, na safari hii yale maandishi yakaondolewa, ukabaki utangulizi wa Jack Kerouac na picha zenyewe, kila moja ikitazamana na ukurasa ulio karibu mtupu.

Nitie neno hapa kuhusu ukurasa huo mtupu, maana wengi huupita. Katika toleo la Paris, picha ilikuwa shahidi wa maneno: maneno yanadai, picha inathibitisha. Katika toleo la New York hakuna wa kukusaidia. Umeachwa na bendera, na mwanamke asiye na uso, na jina la mji. Nadhani nusu ya hasira zilizokipokea kitabu ilitoka hapo.

Na hasira zilikuwepo. Jarida la Popular Photography lilikusanya maoni ya wahariri wake mwaka 1960, na wengi wao walikishambulia. Wapo walioona ni kitabu cha mtu anayeichukia nchi iliyompokea. Yupo aliyelalamikia ukungu usio na maana, chenga, picha zilizofifia kama matope, na mistari ya upeo iliyoinama kama ya mlevi. Ukiyatazama malalamiko hayo utaona kwamba ni orodha ya sheria za mjomba, moja baada ya nyingine, zikisomwa na mshitaki. Sisemi hivyo kuwacheka wahariri. Walikuwa mafundi, na fundi akiona kazi imepinda hasubiri kuambiwa kwamba imepindishwa kwa makusudi.

Sasa tuziangalie picha tatu au nne, kwa sababu mjadala wa kanuni bila mifano ni kelele.

Ile ya bendera ilipigwa Hoboken, New Jersey, mwaka 1955, siku ya gwaride. Gwaride lenyewe halimo. Frank ameligeuzia mgongo akawapiga watazamaji. Makosa yake yanahesabika: uso umefichwa, mwingine umo gizani, na bendera yenyewe haikuingia nzima. Lakini jaribu kuirekebisha kichwani. Isogeze bendera kidogo, ule uso uonekane. Utapata picha ya mama mmoja anayetazama sherehe, basi. Uso ukishaonekana tutaanza kuuliza amefurahi au amechoka, anafanana na nani. Ukifichwa hatuna la kuuliza ila moja: kitambaa hiki kimefanya nini mbele ya mtu huyu? Na tazama vilivyobaki mahali pake. Madirisha mawili yamepangana sawa, matofali yamelala kwa mistari yake, bendera imekaa katikati ya vyote. Mpiga picha asiyejua kazi hukosea mahali pote kwa wakati mmoja. Huyu amekosea mahali pamoja tu, napo ndipo macho yetu yanapokwenda kwanza.

Ya pili ni ile ya Hollywood, kwenye uzinduzi wa filamu. Mbele kabisa yumo mwigizaji wa kike, amejaa kwenye fremu, amevaa na kujipamba. Ana ukungu. Hakutulia, au tuseme lenzi haikutulia juu yake. Walio wakali ni wanawake wa nyuma, mashabiki, waliosimama kumtazama: mmoja ana vidole mdomoni, wengine wananyoosha shingo. Hapa sheria iliyovunjwa ni ile ya macho. Anayelipiwa ndiye awe mkali. Frank amempelekea ukali mtu asiyelipiwa. Tena kwa hesabu ya lenzi jambo hili ni jepesi sana: unazungusha pete ya umbali hatua chache tu, na anayetawala picha anabadilika. Sijui kama kuna maneno yangeweza kulisema jambo hilo kwa ufupi huo.

Ya tatu ni ile ya lifti, Miami Beach. Msichana anayeendesha lifti amebaki ndani, ametazama juu, na watu wanaotoka wamefutika, wamekuwa mapande ya giza yenye umbo la mtu. Hapa lazima nieleze kidogo ufundi wake. Mahali penye mwanga hafifu, kamera inahitaji kubaki wazi kwa muda mrefu zaidi ili filamu ipate mwanga wa kutosha, na katika muda huo kila anayetembea huacha mkia. Dawa yake inajulikana: washa taa ya kamera. Taa ingewagandisha wote, wanaotoka na anayebaki, wakawa sawa. Taa pia ingemshtua yule msichana, akaukunjua uso wake wa kazi. Frank hakuwasha, na kwa hiyo kamera yenyewe, bila yeye kuongeza chochote, ikawagawa watu makundi mawili: wenye uwezo wa kwenda zao wamefutika, asiye na pa kwenda ametoka dhahiri. Nilipomweleza mwenzangu mmoja darasani picha hii, aliuliza, "Kwa hiyo ukungu ndio habari yenyewe?" Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Sitaki ionekane kwamba nimelewa sifa. Ipo picha ya mkutano wa siasa Chicago, mpiga tarumbeta kubwa ambaye kichwa chake chote kimemezwa na mdomo wa chombo chake. Watu huisifu sana. Mimi naiona kama mzaha wa mara moja: umeshacheka, umeshageuza ukurasa. Kuficha uso kwa bendera kulituuliza swali, ila kuuficha kwa tarumbeta kunatupa jibu tayari, kwamba wanasiasa ni kelele tupu. Hilo tulikuwa tunalijua hata kabla ya kufungua kitabu. Kanuni inapovunjwa kwa ajili ya kusema lililokwishasemwa, heri ingeachwa nzima.

Na ipo ile ya tramu ya New Orleans, ya mwaka 1955 pia, ambayo kwa haki haimo katika mjadala huu kwa sababu haivunji chochote. Madirisha yamejipanga kama beti, weupe mbele, weusi nyuma, kila uso ndani ya fremu yake, wote wakali, mstari umelala. Mjomba angeitundika ukutani. Desemba ya mwaka huohuo, katika mji wa Montgomery, Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Picha hii inanisaidia kwa jambo moja. Frank alipokutana na utaratibu uliokwishapanga watu kwa mistari iliyonyooka, aliupiga kwa mistari iliyonyooka. Kanuni zilikuwa ndizo habari. Mtu anayevunja sheria kwa mazoea tu angeiinamisha hata tramu.

Hapo ndipo ushairi unapoingia. Sote tumepitia kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, na sote tumebishana, wengine mpaka chai imepoa, kuhusu Kezilahabi na Kichomi cha mwaka 1974. Tumeyapanga mapigano yale kama mchezo wa timu mbili: wenye vina na mizani huku, wenye mashairi huru kule. Ninachoona ni kwamba tumesahau kitu cha tatu, kilichokuwepo tangu zamani ndani ya timu ya kwanza, yaani uhuru wa mshairi. Inkisari, mazda, tabdila, kuboronga sarufi: yote hayo ni makosa yaliyopewa kibali. Mshairi analifupisha neno, au analirefusha, au analigeuza herufi, au anaupindua mpangilio wa maneno ambao mwalimu wa sarufi angeutia kalamu nyekundu. Lakini kwa nini amepewa kibali? Ili mizani itimie. Ili kina kikae. Anavunja kanuni ndogo ili asivunje kubwa.

Nikimtazama Frank kwa jicho hilo namwona akifanya kazi mbili zilizo tofauti, na wahakiki wake hawakuzitenga. Picha ya Hoboken ni ya mtu wa inkisari. Amekata uso mmoja ili picha nzima ikae, na amekaa ndani ya kanuni nyingine zote. Lifti ya Miami Beach iko karibu zaidi na Kezilahabi: kipimo chenyewe, yaani ukali wa picha, kimeachwa, na kitu kingine kimeshika nafasi yake. Ukizihukumu zote mbili kwa sheria moja, kama walivyofanya wahariri wa mwaka 1960, utakosea katika zote mbili.

Zaidi ya hayo, kitabu kizima kina urari ambao picha mojamoja hazina. Bendera ya ukurasa wa kwanza inarudi tena mbele, ikiwa katika hali nyingine: kwa mfano katika picha ya Julai 4 mjini Jay, New York, ambapo ni kubwa, imechakaa, imetiwa viraka, na mwanga unapita ndani yake huku watu wakitembea chini. Magari yanarudi. Masanduku ya muziki ya kutumbukiza sarafu yanarudi. Misalaba inarudi. Mtu aliyezoea tarbia atakitambua kitu hiki bila kufundishwa, kwa sababu ni kibwagizo. Kila kinaporudi maneno ni yaleyale lakini ubeti uliotangulia umekwishakibadilisha. Kwa hiyo huyu aliyeshitakiwa kwa mistari ya kilevi alikuwa akipanga mizani yake mahali ambapo mshitaki hakutazama, katika mfuatano wa kurasa na si katika picha moja. Picha zaidi ya 26,000 alizoziacha ndizo ushahidi wangu. Mtu wa bahati hachagui hivyo.

Kama ningekuwa nimeishia hapo, ingekuwa insha niliyoiandika mwaka jana na kupewa alama nzuri. Nilikwenda nayo nyumbani likizoni, nikamsomea mjomba studioni wakati umeme umekatika na hakuna mteja. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Hao watu aliwaomba?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kamera ilikuwa ndogo, alipiga haraka, mara nyingi akaondoka kabla mtu hajatambua. Mwezi Novemba 1955, huko Arkansas, polisi walimsimamisha barabarani na kumshikilia kwa saa kadhaa, wakimshuku kwa lafudhi yake ya kigeni na mizigo yake, kwamba huenda ni mkomunisti. Yeye mwenyewe basi alijua ilivyo kutazamwa na mtu usiyempa ruhusa. Lakini yule mwigizaji wa Hollywood hakuombwa ruhusa ya kuwa ukungu. Msichana wa lifti hakuulizwa kama anataka kuwa mfano wa upweke wa Marekani. Wanawake wa Hoboken walikuwa nyumbani kwao.

"Mimi mtu akija hapa," mjomba akasema, "amenyoa, amepiga pasi shati, amekopa saa ya kaka yake. Anataka aonekane vile anavyotaka kuonekana. Hizo unazoziita kanuni ni adabu, mwanangu. Nikimkata kichwa nimemdharau."

Sijawahi kusikia mhadhara wa sanaa uliosema hivyo. Tumezoea kuzitaja kanuni za picha kama mambo ya jicho: urari, mwanga, ukali. Katika studio ya Buyenzi zilikuwa mkataba. Mteja analipa, anatulia, anashusha pumzi, na mpiga picha kwa upande wake anaapa, bila kusema, kutomwaibisha. Kanuni ya kichwa kisikatwe inamlinda mwenye kichwa. Ndiyo maana nimesema kwamba swali la pili hatuliulizi sana. Kezilahabi alipoacha vina hakuna aliyeumia ila mazoea ya msomaji. Mpiga picha anapoacha kanuni, yupo mtu wa tatu ndani ya fremu, naye hakukaa katika mjadala wetu.

Nilijaribu kumjibu kwa Seydou Keïta wa Bamako, na bado nadhani lilikuwa jibu zuri. Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, akipiga kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake, lenye marembo. Sasa kila fundi anajua kwamba nyuma ya mtu pawe patulivu. Keïta anamkalisha mwanamke aliyevaa kitambaa cha maua mbele ya shuka la marembo, maua juu ya maua, mpaka mpaka wa nguo na ukuta unapotea na uso na mikono inaelea juu ya bahari ya nakshi. Kanuni imevunjwa wazi. Na aliyevunjiwa anang'aa. Amekaa kama malkia, amekubali, amelipa, ataituma picha kwa ndugu. Mjomba alizitazama picha hizo kwenye simu yangu kwa muda mrefu, akazikuza kwa vidole, akasema tu, "Huyu anajua kukalisha watu." Kwake hapakuwa na kanuni iliyovunjwa.

Basi nikamletea jambo lililonifanya niandike insha hii kwa mara ya kwanza, ambalo mwaka jana sikulitia. Bibi yangu, mama yake mjomba, alifariki nikiwa sekondari. Picha iliyotundikwa sebuleni baada ya arobaini ni ile ya kitambulisho, karangamuntu kama tunavyoiita kwetu, iliyokuzwa mpaka chenga zikajaa. Anatazama mbele. Midomo imefungwa. Sheria zote zimetimizwa, na hakuna hata mjukuu mmoja anayemtambua bibi humo. Lakini ipo nyingine. Niliwahi kuiona studioni nilipokuwa naokota bahasha za zamani: harusi ya jirani, bibi amegeuka ghafla kumjibu mtu aliye nje ya picha, kichwa kimetikisika kikawa vichwa viwili vinavyoingiliana, mtandio umeteleza, mdomo wazi, mkono umekatwa na ukingo. Yote ni makosa. Na ni yeye mtupu. Unakaribia kuisikia sauti.

Nilimwambia mjomba kwamba ile ndiyo ingefaa kutundikwa, na kwamba aliiacha kwa sababu ya sheria zake. Nilisema kwa ujasiri wa mtu aliyepata alama nzuri.

Akafungua droo, akaitoa bahasha. "Sikuiacha mimi," akasema. "Nilimpelekea mwenyewe. Akaitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia, hii usimwonyeshe mtu."

Nimeifikiria sentensi hiyo mwaka mzima. Ningeweza kuikwepa kwa kusema kwamba bibi hakusomea sanaa, na wapo wahakiki watakaoridhika na jibu hilo. Mimi siridhiki, kwa sababu yeye aliiona picha, akaielewa vizuri kuliko mimi, akacheka kwa kuwa aliona ni yeye, na bado akakataa. Mtu anaweza kukubali kwamba picha inasema kweli na asikubali kweli hiyo ining'inizwe ukutani. Wala siwezi kumtumia Frank kama wakili wangu hapa. Ukungu wa Frank ulichaguliwa katika picha 27,000. Ukungu wa bibi ulikuwa ajali iliyopata mpenzi baadaye, yaani mimi. Kama kuna sanaa ndani yake, imo katika jicho langu, na jicho langu halikupewa ruhusa.

Kwa hiyo siwezi tena kukisoma The Americans kama nilivyokisoma mwanzo, kwa furaha ya mtu aliyeona sheria za utotoni zikianguka. Bado nakiona ni kitabu kikubwa. Ila sasa mbele ya kila picha nahesabu ni nani aliyelipa gharama ya kuvunjwa huko. Katika ile ya Hollywood aliyelipa ni mwenye nguvu, na nafuu imewaendea wasiotazamwa, nami naona ni haki. Katika ile ya lifti aliyefutwa ni mwenye kuondoka na aliyebaki mkali ni mfanyakazi. Lakini ni ukali ambao hakuuomba, na hapo moyo wangu haujatulia. Hoboken ndiyo ngumu kuliko zote. Bendera inamnyima mwanamke uso wake, na Frank, kwa kuichapa picha, amemnyima pia, ili atuonyeshe kwamba bendera inamnyima. Nimejaribu kutafuta njia ya kuisema lawama hiyo bila kuisema, sijaipata. Nayo hainifanyi nitamani picha isingekuwepo.

Wenzangu wengi siku hizi wanatia chenga na ukungu kwa programu za simu. Unagusa kitufe, picha safi inachakaa. Hao sina ugomvi nao, ila hawamo katika insha hii: hakuna kilichovunjwa, hakuna aliyelipa.

Nirudi kwa Frank mara moja ya mwisho, kwa sababu picha anayofungia kitabu chake sikuielewa mpaka baada ya ile siku ya droo. Ni barabara ya U.S. 90, huko Texas. Gari limeegeshwa kando ya njia na limekatwa katikati na ukingo wa fremu: tunaona nusu ya mbele tu, taa yake ikiwaka. Kosa la wanafunzi wa wiki ya kwanza. Ndani yake, nyuma ya kioo, amejikunyata mkewe pamoja na mtoto, wamechoka kabisa, sura za watu wanaotaka kufika. Baada ya kurasa zote za wageni ambao hakuwaomba, amewapiga wake mwenyewe kwa namna ileile, bila kuwapamba, nusu gari, nusu giza. Siwezi kusema kama alikuwa akiwalipia deni wale wengine. Lakini aliwaweka mle, mwishoni, mahali ambapo kitabu kinafungwa.

Insha hii haina picha, na mhariri wa mkusanyiko huu aliniuliza kwa nini, kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Za Frank zina wenyewe na zinapatikana. Ile nyingine nilikuwa nimeishika mkononi siku ile, mjomba akinitazama bila kusema kitu, na umeme ukarudi, feni ikaanza kuzunguka, mteja akagonga mlango akitaka picha nne za pasipoti. Nikairudisha kwenye bahasha, nikafunga droo, nikaenda kushika kitambaa.